Kidole Kiligonga, Maumivu Yakachelewa

Usiku, taa imezimwa, nikajigonga kidole gumba kwenye mguu wa kitanda.

Kila aliyewahi kutembea gizani anaijua hiyo. Safari hii, sijui kwa nini, nilitulia nikasikiliza mwili unavyosema. Kwanza nilijua tu kwamba nimejigonga: taarifa kavu, haina uchungu. Kikafuata kichomo chembamba, kikali. Halafu, baada ya kitambo cha kutosha kabisa kukunja uso na kujiandaa, ndipo yakawasili yale maumivu mazito ya kuunguza, yanayomketisha mtu chini akakumbatia mguu wake.

Kitambo kile ndicho kilichonikosesha usingizi, maana maumivu yenyewe yaliisha.

Tukio ni moja, kidole ni kimoja. Kama ujumbe wa neva ni umeme, na darasani sote tuliambiwa ni umeme, imekuwaje sehemu yake moja ichelewe hadi mwenye kidole aone inachelewa? Umeme kwenye waya wa shaba ungeweza kuizunguka dunia kabla sijamaliza kusema "aah". Huu wa kwangu ulikuwa unatoka mguuni kwenda kichwani tu.

Wiki kadhaa nimekuwa nalo swali hilo. Nimesoma, nimeacha, nimerudi. Na kama ilivyo kawaida, nilianza na neva nikaishia kwenye moyo.

Chura wa Helmholtz

Johannes Müller, mwanafiziolojia aliyeheshimika sana Ujerumani katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, aliamini kwamba kasi ya ujumbe wa neva huenda isipimike kamwe. Aliyemthibitishia vinginevyo ni mwanafunzi wake mwenyewe, Hermann von Helmholtz, aliyetangaza kipimo chake mwaka 1850.

Ujanja wake unapendeza. Alichukua msuli wa chura ukiwa bado na neva yake, akaishtua neva mahali palipo karibu na msuli, akapima muda hadi msuli kujikunja. Kisha akaishtua mbali zaidi, akapima tena. Muda ambao msuli wenyewe hujivuta upo katika vipimo vyote viwili, kwa hiyo ukitoa kimoja kwenye kingine unabaki na muda wa njia peke yake. Jibu lilikuwa mita kama 30 kwa sekunde.

Hiyo ni kasi ya gari lililo barabara kuu.

Baadhi ya watu wa zama zake waliona ugumu kuamini kwamba kati ya nia na tendo kuna pengo unaloweza kulipima kwa chombo. Mimi ugumu wangu ulikuwa mwingine. Kama ni mita 30, basi huu si mkondo unaotiririka kutoka mwanzo wa neva hadi mwisho. Halafu ni nini?

Ukiitazama neva kama waya, ni waya mbaya kupindukia. Ndani yake kuna maji ya chumvi, ambayo huzuia umeme kuliko shaba mara milioni nyingi, na ganda lake linavuja. Msukumo mdogo wa umeme ukiutia upande mmoja hufifia ndani ya milimita chache. Na kutoka kidole cha mguu hadi uti wa mgongo ni mita nzima, tena ndani ya seli moja, isiyo na kituo njiani.

Utulivu unaogharimu

Ilinibidi nirudi nyuma, kwenye seli isiyofanya lolote.

Seli ya neva iliyotulia ina hasi ya takriban milivolti 70 ndani ikilinganishwa na nje. Inaonekana kidogo, hadi ukumbuke kwamba utando unaotenganisha pande hizo una unene wa nanomita tano hivi. Gawanya: unapata zaidi ya volti milioni 10 kwa kila mita. Hewa hupasuka na kutoa cheche kwenye volti milioni 3 hivi kwa mita. Yaani kila neva yetu, hata tukiwa tumelala fofofo, imebeba ndani ya utando wake nguvu ya umeme inayozidi ile inayoleta cheche hewani.

Inatoka wapi?

Maelezo mengi hukimbilia pampu. Katika utando kuna protini ambayo, kwa kila molekuli moja ya ATP (sarafu ya nishati ya seli) inayotumia, hutoa nje ayoni, yaani atomu zenye chaji, tatu za sodiamu na kuingiza mbili za potasiamu. Jens Christian Skou aliigundua mwaka 1957 akifanya kazi na neva za kaa, na miaka 40 baadaye akapewa Nobeli ya kemia. Chaji chanya tatu nje, mbili ndani, kwa hiyo ndani panakuwa hasi. Hesabu imekwisha, au sivyo?

Hapo ndipo nilipokwama kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu haijaisha. Ule upungufu wa chaji moja kwa kila mzunguko wa pampu unachangia milivolti chache tu. Zilizobaki hutokana na kitu ambacho ungekiona ni kasoro: kuvuja.

Pampu ikishafanya kazi yake, ndani kuna potasiamu ya milimoli 140 hivi kwa lita, nje kuna 4 au 5. Sodiamu ni kinyume, 145 nje na kama 12 ndani. Utando uliotulia una vijia vya protini vilivyo wazi kwa potasiamu, na karibu vyote vimefungwa kwa sodiamu. Basi potasiamu hutoka, ikifuata upungufu ulioko nje. Kila ayoni inayotoka inaondoka na chaji chanya yake na kuacha ndani chaji hasi isiyo na mwenzi. Hasi hiyo nayo huanza kuivuta potasiamu irudi. Mvuto unapokaribia kulingana na msukumo, utokaji hubaki kidogo tu. Julius Bernstein alilipendekeza wazo hili mwaka 1902, kabla yeyote hajakiona kijia kimoja.

Kwa hiyo seli iliyotulia ni seli inayovuja kwa kipimo, na pampu ipo kuhakikisha kwamba daima kuna cha kuvuja. Ubongo ni asilimia 2 hivi ya uzito wa mwili lakini hula asilimia 20 hivi ya nishati tukiwa tumepumzika, na sehemu kubwa ya nishati hiyo hulipia pampu.

Kijia cha potasiamu kina fumbo lake dogo ambalo siwezi kulipita. Ayoni ya sodiamu ni ndogo kuliko ya potasiamu. Iweje kikubwa kipite na kidogo kikatae? Jibu lilionekana mwaka 1998, Roderick MacKinnon na wenzake walipochora umbo la kijia kimoja cha bakteria. Ayoni yoyote majini hutembea imezungukwa na molekuli za maji, na ili ipite kwenye tundu jembamba lazima iziache. Tundu la potasiamu limezungushiwa atomu za oksijeni zilizopangwa kwa nafasi ile ile ambayo potasiamu ilizoea kuikuta kwenye maji, kwa hiyo haipotezi kitu kwa kuyaacha. Sodiamu ni ndogo mno kuzifikia zote kwa pamoja. Ikiacha maji yake inapata hasara, basi inabaki nayo, na ikiwa nayo haipiti.

Nilisoma aya hiyo mara kadhaa kwa raha tu.

Ngisi na vita

Ngisi anapokimbia hatari hujirusha kwa kusukuma maji nyuma, na amri ya kufanya hivyo hupita kwenye neva nene ajabu, hadi karibu milimita moja. Mwanazuolojia J. Z. Young ndiye aliyewazindua wanafiziolojia kuhusu neva hiyo mnamo 1936. Miaka mitatu baadaye, Plymouth huko Uingereza, Alan Hodgkin na Andrew Huxley wakafanikiwa kuchomeka elektrodi ndani yake kwa urefu.

Walichotarajia, kwa kumfuata Bernstein, ni kwamba neva inapopiga, yaani inapotuma ujumbe, utando huacha ubaguzi wake, kila ayoni hupita, na tofauti ya umeme huporomoka hadi sifuri. Iliporomoka kweli. Kisha ikaipita sifuri. Ndani pakawa chanya kwa makumi ya milivolti.

Haikuwa na maelezo. Wakaandika ripoti fupi, na ndani ya wiki chache vita vya pili vya dunia vikaanza. Fumbo likalala miaka.

Makala zao kubwa zilitoka 1952, na jibu lilikuwa sodiamu. Ukiusukuma utando kutoka hasi 70 hadi karibu hasi 55, vijia vya sodiamu huanza kufunguka. Sodiamu inaingia na chaji chanya yake, utando unazidi kupanda, vijia vingi zaidi vinafunguka, sodiamu zaidi inaingia. Ndani ya sehemu ya milisekunde ndani pamekuwa chanya. Kisha mambo mawili: vijia vya sodiamu vinajifunga vyenyewe na kugoma kufunguka kwa muda, na vijia vya ziada vya potasiamu, vilivyo vizito kuamka, vinafunguka na kuitoa potasiamu hadi utando urudi ulikotoka. Huxley alizipiga hesabu za mpigo huo kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono, kwa sababu kompyuta ya Cambridge wakati huo haikuwa inapatikana. Siku nyingi za kuzungusha mkono kwa tukio la milisekunde chache. Mstari aliopata ulifanana na wa ngisi.

Sasa turudi kwenye ule waya mbaya. Mpigo wa mahali pamoja husambaa pembeni kidogo tu kabla ya kufifia, lakini kidogo hicho kinatosha kumfikisha jirani kwenye hasi 55. Jirani naye anapiga kwa nguvu zake mwenyewe. Ni moto wa nyika: hauchukui kuni kutoka ulikoanzia, kila shina la nyasi linaungua kwa ukavu wake lenyewe, ndiyo maana unafika mwisho wa mbuga ukiwa na nguvu ile ile. Na haurudi nyuma, kwa kuwa nyuma kumeungua. Tofauti ni kwamba nyasi hizi huota tena ndani ya milisekunde chache.

Ayoni zenyewe haziendi kokote. Zinavuka utando, ndani nje, kwa upana. Sodiamu iliyoingia karibu na kidole changu haikufika hata kwenye kifundo cha mguu.

Kinachosafiri ni zamu.

Nililiona hili vizuri nilipokutana na jaribio la mwaka 1961. Baker, Hodgkin na Shaw waliichukua neva ya ngisi, wakaikamua uteute wote wa ndani ukatoka, wakaijaza maji ya chumvi ya potasiamu. Ganda tupu na maji ya chumvi. Likaendelea kupiga, maelfu kwa maelfu. Na si ajabu ukipiga hesabu: katika neva nene kama ile, potasiamu inayotoka kwa mpigo mmoja ni kama ayoni moja kati ya milioni. Hata pampu ikisimamishwa kwa sumu, neva kubwa huendelea kupiga kwa muda mrefu kwa akiba iliyopo. Gharama ilishalipwa kabla.

Kuhusu kidole

Kumbe jibu la kitambo ni jepesi. Neva za mguso zimevikwa mafuta, tabaka juu ya tabaka, na kuachwa wazi kwenye mapengo madogo kila baada ya milimita moja hivi. Zamu haihitaji kupita kila nukta. Inaruka kutoka pengo hadi pengo, na hufika mita 50 au zaidi kwa sekunde. Neva za kichomo kikali zina vazi jembamba. Neva za maumivu mazito ni nyembamba sana na hazina vazi kabisa, zinatembea mita moja hivi kwa sekunde.

Mwendo wa mtu anayetembea taratibu. Ndiyo maana niliwahi kukunja uso.

Ningeishia hapo. Lakini nikiwa nimelala, mkono kifuani, nikajiuliza swali ambalo neva haikuwa imelijibu. Kidole kilihitaji kitanda ili kuanza kupiga. Moyo unagongwa na nani?

Moyo wa fuko

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1907, Arthur Keith, mwanaanatomia, alikuwa akifanya kazi na mwanafunzi wa udaktari, Martin Flack, na ni kijana huyo aliyekiona kitu kigeni kwenye vipande vya moyo wa fuko: kinundu cha seli zisizofanana na misuli ya jirani, pale mshipa mkubwa unapomwaga damu kwenye chumba cha juu cha kulia. Hapo ndipo kila pigo huanzia.

Kinundu hicho hakingoji ubongo. Moyo uliopandikizwa, neva zake zote zimekatwa, hupiga mara 90 hadi 110 kwa dakika bila kuambiwa. Ubongo, kupitia neva ya vagasi, kazi yake kubwa tukiwa tumepumzika ni kuupunguza.

Siri ni kuvuja tena. Seli za kinundu hazina utulivu. Zikishuka hadi karibu hasi 60, hufunguka vijia vya ajabu vinavyofanya kinyume cha vile vya neva: vinafunguka utando unaposhuka. Mkondo wake ulielezwa mwaka 1979 na Brown, DiFrancesco na Noble. Sodiamu inapenya polepole, utando unapanda polepole, kalisi inaongeza msukumo, na kwenye hasi 40 hivi mpigo unatokea. Kisha unashuka, na kushuka kwenyewe kunafungua vijia upya. Dawa iitwayo ivabradini hupunguza mapigo kwa kuziba vijia hivyo hivyo.

Kwa hiyo katika neva uvujaji hufikia ulinganifu, utando ukatulia. Katika kinundu haulingani kamwe, na kutolingana huko ndiko tunakokuita uhai.

Kinachonivutia zaidi ni jinsi moyo unavyotumia uzito wa mwendo. Kutoka kinundu, zamu inapita seli hadi seli kupitia matundu yanayoziunganisha, hadi inafika kati ya vyumba vya juu na vya chini, kwenye kituo ambacho Sunao Tawara alikieleza mwaka 1906. Hapo inatambaa sentimita 5 hivi kwa sekunde. Inachelewa kama sehemu ya kumi ya sekunde, na ndani ya muda huo vyumba vya juu vinamalizia kumwaga damu chini. Kisha inashika nyuzi za Purkinje, njia za kasi za moyo, na kukimbia mita 2 hadi 4 kwa sekunde, ili chumba cha chini kibanwe chote karibu kwa pamoja.

Na mpigo wenyewe ni mrefu. Wa neva ni milisekunde moja au mbili. Wa msuli wa moyo ni 200 hadi 300, kwa sababu kalisi inaendelea kuingia na kuzuia utando usishuke. Kalisi hiyo ndiyo inayoanzisha mbano. Na muda wote huo msuli haukubali kuwashwa upya, kwa hiyo moyo hauwezi kukakamaa kama msuli wa mguu. Lazima ulegee, ujae, ndipo upige tena.

Moto unapozunguka

Hatari huja pale mbuga isipokuwa sawa. Kovu la zamani, au eneo linalopitisha zamu polepole mno: moto unalizunguka, na unaporudi unakuta nyasi zimeshaota. Unaendelea kuzunguka. Mizunguko ikivunjika kuwa mingi, vyumba vya chini vinatetemeka tu na damu haiendi.

Hapa niliielewa upya ile mashine ya kushtua moyo. Kwenye filamu mstari ukilala, daktari anaishika. Kwa kweli mstari uliolala haushtuliwi. Mashine ile haiwashi moyo. Inaziwasha seli karibu zote kwa mpigo mmoja, ili kusibaki nyasi ya kuungua popote. Inaunyamazisha. Ikibahatika, kinundu kinakuwa cha kwanza kuvuja hadi hasi 40.

Wapasuaji nao hufanya jambo linalofanana kwa njia nyingine. Wanapotaka moyo usimame wakaufanyie kazi, huupitishia maji yenye potasiamu nyingi. Wingi wa nje ukikaribia kidogo wa ndani, potasiamu ina sababu ndogo zaidi ya kutoka, utando unapanda na kubaki juu, na vijia vya sodiamu vinajifunga visifunguke. Hakuna kilichoharibika. Kilichoondolewa ni tofauti tu.

Hilo lilinisomesha upya karatasi ya ECG, ule mchoro wa umeme wa moyo, niliyokuwa nayo kwenye droo. Baada ya mchongoko mkubwa, kabla ya kilima cha mwisho, kuna kipande ambacho mstari umelala. Nilikuwa nikikihesabu kuwa ni mapumziko. Kumbe ndicho kipindi ambacho vyumba vya chini vyote vimewaka na vinabana kwa nguvu zao zote. Mashine ya ECG inasoma tofauti kati ya mahali na mahali, na wakati huo kila mahali pamefanana.

Ndiyo maana daktari anayeshuku shambulio la moyo hukikodolea macho kipande hicho. Msuli uliokosa damu unaishiwa ATP, pampu inazidiwa, potasiamu inajikusanya nje ya seli zake, na eneo hilo linashindwa kushikilia hasi ambayo majirani wazima bado wanaishikilia. Mahali hapafanani tena, na mstari uliopaswa kulala unainuka.